Njooni Mwezi wa Saba: Waraka kwa Wanaotufundisha Kuuza Mtandaoni

Ndugu zangu wawezeshaji,

Huku Iringa mvua zimeshika, ukungu hauondoki mapema, na wasukaji wengi ninaowafahamu wako shambani wanapalilia mahindi. Nami nimetoka kwenye palizi jioni hii, ndiyo maana nawaandikia usiku.

Mimi ni msukaji wa vikapu vya milulu. Nilifundishwa na mama yangu mdogo huko Mufindi. Kwa upande wa mume wangu tuna undugu na Wakisi wa Kyela, kwa hiyo vyungu vyao vikipanda kuja Mbeya nami huchukua vyangu vya kuuza. Ninauza sokoni, ninawauzia wageni wanaopita kwenda Hifadhi ya Ruaha, na kwa miaka kadhaa sasa ninauza kwa simu, kupitia WhatsApp na Instagram. Semina zenu nimehudhuria, Iringa na Mbeya. Nimesaini karatasi ya mahudhurio, nimekula chakula chenu, nimepokea nauli. Nashukuru kwa dhati. Ninyi ndio mlionifundisha kupiga picha karibu na dirisha asubuhi badala ya chini ya taa ya umeme, na ushauri huo peke yake umeniletea wateja. Basi nitakayoyasema msiyachukue kuwa ya mtu asiyetaka kufundishwa.

Neno langu ni moja. Mnatufundisha kuuza kabla hamjatuuliza tunauza nini. Maelezo yanayokaa chini ya picha ni sehemu ya kazi ya mikono, kama ulivyo ukingo wa kikapu, na anayeyaandika bila kuijua kazi huishusha bei ya kazi hiyo, hata awe hodari wa maneno namna gani.

Katika semina moja mliweka ukutani mfano wa maelezo mazuri, mkatutaka tuunakili. Niliuandika neno kwa neno: "Kikapu cha asili cha Kiafrika, kimetengenezwa kwa upendo na wanawake wa kijijini. Pendezesha nyumba yako. Bei inbox." Ukumbi mzima uliandika. Baada ya hapo nikaanza kuyaona maneno hayo kwenye kurasa za watu niliokaa nao benchi moja. Mwenye vikapu ameyaandika, mwenye mikeka ameyaandika, mwenye vyungu amebadilisha neno la kwanza tu. Mteja akitukuta sote kwenye kioo cha simu yake hana njia ya kututofautisha isipokuwa bei, na kwa bei anayeshinda ni yule aliyekubali kupunjwa kuliko wenzake.

Naomba tuyapitie maneno yale pamoja, taratibu, kwa sababu mliyafundisha kwa nia njema na yanatuumiza.

"Cha asili cha Kiafrika." Afrika ina vikapu vingi. Kule Bolgatanga, kaskazini mwa Ghana, wanasuka kwa nyasi na kuweka mkono wa ngozi. Wakamba na Wakikuyu wa Kenya wana kiondo chao cha katani. Pwani yetu wanasuka kwa ukili. Kikapu cha Iringa kinasukwa kwa milulu, mmea wa mabondeni unaopenda maji, na kwa hilo tu kimejitenga na vikapu vyote hivyo. Milulu inakatwa, inaanikwa, inachambuliwa, na ikiwa mistari ya rangi inatakiwa, sehemu yake inachemshwa na rangi kwenye sufuria iliyotengwa kwa kazi hiyo. Kisha ndipo unapoanza kitako. Kitako kikikosewa, kikapu kizima kitainama upande mmoja na hakuna maelezo yatakayokinyoosha. Ukipanda ubavuni, kila mzunguko unabanwa kwa dole gumba; mwanafunzi anaacha vitundu, fundi haachi. Kikapu kizuri cha milulu kinasimama chenyewe kikiwa kitupu, na ukikibinya kwa viganja viwili kinarudi.

Mteja aliyeelezwa hivyo anajua alichokinunua. Akirudi mara ya pili ataulizia milulu, ataulizia Iringa, na akipelekewa kitu kingine atakikataa. Aliyeambiwa "cha Kiafrika" hana sababu ya kurudi kwetu. Ataridhika na chochote chenye mistari, kiwe kimesukwa wapi.

"Kwa upendo." Naipenda kazi yangu. Lakini mteja wa Mwanza aliyeniuliza kama kikapu kitabeba mchele wake kutoka sokoni hakuwa anauliza habari za moyo wangu. Alitaka kujua vishikio vimeshikizwa wapi: vimeshonwa ukingoni tu, au vimepitishwa ubavuni hadi chini. Jibu la swali hilo ndilo lililomfanya alipe. Katika semina zenu sijasikia hata mara moja likitajwa neno kimo, au kipenyo, au uzito. Hakuna aliyekuja na futi ya fundi cherehani. Naomba kuuliza kwa heshima: nani kati yenu angemnunulia mwanawe viatu mtandaoni bila kuambiwa namba?

Na kwa kuwa tumefika kwenye vipimo, niseme hili ambalo wasukaji wenzangu wanalijua. Kikapu cha mkono hakifanani na pacha wake. Nikisuka viwili kwa kipimo kimoja, kimoja kitazidi kidogo, kingine mstari wake utapanda juu zaidi. Mnatushauri tuweke picha moja nzuri na kuitumia kwa vikapu vyote. Hapo ndipo malalamiko yote yanapozaliwa. Mteja anafungua mzigo, anasema hiki sicho, na anasema kweli. Mimi sasa ninapiga picha ya kikapu kilekile kitakachosafiri, kikiwa kimesimama juu ya meza, kisha kitako chake, kisha ndani. Inakula bando na inakula muda, lakini wateja wangu wameacha kurudisha mizigo.

"Wanawake wa kijijini." Kijiji kipi, na wanawake gani? Hapa nitakaa kidogo, maana pananichoma. Mnajua habari za Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli, akafariki mwaka 1972. Jina lake limebaki duniani, na ni haki yake. Lakini leo mchoraji aliye hai, mwenye mkono wake na mawazo yake, akimaliza picha ya tembo na ndege, mnunuzi anaondoka akisema amenunua Tingatinga. Jina la aliyechora liko pembeni chini na halisomwi. Sisi hata pembeni chini hatupo. Vitu vingi vilivyochukuliwa kwenye nyanda zetu enzi za Wajerumani vimo kwenye makumbusho ya Ulaya vikiwa vimeandikwa jina la ofisa aliyevikusanya, na aliyevitengeneza hakuulizwa anaitwa nani. Miaka zaidi ya 100 imepita. Boma la Iringa lililojengwa na Wajerumani haohao tangu mwaka 2016 ni jumba letu la makumbusho, tunaingia na watoto wetu. Na bado mnatufundisha kuandika "wanawake wa kijijini" na juu yake kuweka kwa herufi kubwa jina la mwenye ukurasa.

Kama msukaji amekubali jina lake lionekane, liandikwe. Wapo wasiokubali, kwa sababu zao za nyumbani ambazo si za kuulizwa, na hao waheshimiwe. Basi kiandikwe kijiji. Nisichoweza kukubali ni kwamba aulizwe ruhusa ya kupigwa picha ya uso, lakini asiulizwe kama angependa kutajwa.

"Bei inbox." Ndugu zangu, hili mlilitetea kwa bidii. Mlisema mteja akija kuuliza bei ndipo mazungumzo yanapoanza, na mazungumzo ndiyo biashara. Labda kwa anayekaa na simu mkononi kutwa nzima, kwenye mtandao usiokatika. Mimi nikiwa bondeni nakata milulu simu haishiki. Nikipanda jioni nakuta watu wameuliza bei mchana, wamesubiri, wameondoka. Wengine wanahisi, na wana haki ya kuhisi, kwamba bei itategemea picha yao ya wasifu na lafudhi ya ujumbe wao. Hata supu ya stendi imeandikwa bei ukutani. Nilipoanza kuandika bei waziwazi, pamoja na gharama ya kusafirisha na kusema nani anabeba makato ya kutuma pesa (mnakumbuka Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza, jinsi kila mauzo yalivyogeuka ubishi), waliokuwa wanauliza kwa kupitisha muda walipungua. Walionunua hawakupungua.

Lakini nadhani mnajua kwa nini "bei inbox" inapendwa. Bei ikiandikwa inabidi ielezwe, na ikielezwa itabidi kusema siku za kusuka ni ngapi na siku hizo zinalipwaje. Wanaochukua kikapu kwa msukaji kwa bei ya sahani ya chipsi na kukiuza mjini kwa bei ya godoro hawapendi hesabu hiyo ifanywe hadharani. Sisemi ni ninyi. Nasema mnawafundisha wao na sisi katika ukumbi mmoja, kwa maneno yaleyale, kana kwamba haja zetu ni moja.

Sasa niingie kwenye jambo zito zaidi. Mlituambia watu hawanunui bidhaa, wananunua hadithi, na mlipotutaka tutoe mifano ya hadithi mkachagua zile za msiba: mjane, yatima, mwenye maradhi, aliyekimbiwa na mume. Mama mmoja alisimama akaeleza namna anavyopata rangi ya kahawia iliyoiva bila kuunguza nyuzi, akaambiwa aseme habari za maisha yake. Aliketi. Nilimwona akiifunga ile karatasi yake.

Msinielewe vibaya, hadithi ya kweli ina nguvu. Mwaka 2005 duka kubwa la Macy's la Marekani lilianza kuuza agaseke za Rwanda, vikapu vyenye kifuniko kilichochongoka, zilizosukwa na wanawake waliokuwa wametenganishwa na mauaji ya 1994 wakaketi pamoja kusuka. Historia ile ilikuwa yao, ilikuwa kweli, na waliisimulia wenyewe. Lakini agaseke ilikuwa kikapu bora kabla ya historia ile, hadi ikawekwa kwenye nembo ya taifa lao. Anayenunua kwa huruma hununua mara moja, hutoa pesa kama sadaka, na hakiulizi kikapu chochote. Hata kikivunjika hasemi. Na usiposikia lawama hujui pa kurekebisha.

Hapahapa Iringa mjini kuna mfano mzuri kuliko wowote mliotuletea kwenye projekta. Neema Crafts ilianza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, na vijana 3 viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ikakua ikawa karakana ya ufumaji, shanga, karatasi na mengine, kazi ya mafundi wenye ulemavu. Kwenye mgahawa wake wahudumu ni viziwi, na mgeni anaandika kwenye karatasi anachotaka. Mgeni anaingia, anawaona mafundi kazini, anashika kitambaa, anakigeuza upande wa nyuma. Ulemavu haufichwi, na hautangulizwi mbele ya kazi. Sijui ni kwa nini semina ya masoko inayofanyika katika mji huohuo iwakodie wajasiriamali basi la kwenda hotelini, na isiwapeleke hapo kwa miguu.

Kuhusu akili mnemba nitasema kwa ufupi. Mlituonyesha programu inayoandika maelezo yenyewe ukiipa picha. Niliijaribu nyumbani kwa kikapu changu. Iliandika kwa Kiswahili safi kwamba kimesukwa kwa ukili na akina mama wa pwani. Nilipoipa picha ya chungu cha Wakisi ilikiita cha Kimasai. Maneno yalipangika vizuri kiasi kwamba mtu asiyejua angeyachapisha, na nina hakika wapo waliochapisha. Kama ndicho chombo mnachotaka tutumie, basi tuanze sisi kuandika ya kweli kwa wingi, ili siku moja nacho kipate pa kujifunzia. Kikinakili "kikapu cha asili cha Kiafrika" kutoka kwenye kurasa zetu, lawama ni zetu sote.

Vyungu ndivyo vilivyonifundisha zaidi kuandika, kwa hiyo niruhusuni niwaeleze kwa urefu.

Wakisi wanakaa ukingoni mwa Ziwa Nyasa, mahali Milima ya Livingstone inaposhuka hadi majini na ardhi ya kulima ni finyu. Wanaume wanavua, wanawake wanafinyanga. Tangu zamani chungu ndicho kilichowapatia chakula kutoka kwa majirani wenye mashamba. Ikombe, kijiji kinachojulikana zaidi kwa ufinyanzi, unafika kwa mtumbwi au kwa njia ya miguu kutoka Matema. Jumamosi vyungu vinashushwa Lyulilo, karibu na Matema, na pale pana soko ambalo kila mtu anayedai kujua habari za masoko alipaswa kuliona. Hakuna gurudumu la kufinyangia. Mfinyanzi anajenga kwa mkono, anazungusha kazi juu ya gae, anakwangua hadi ukuta unakuwa mwembamba, anasugua kwa kokoto laini hadi inang'aa, anaanika, kisha wanachoma kwa moto wa wazi. Ukikigonga kwa kifundo cha kidole kinalia, na mlio huo ndio mnunuzi wa Lyulilo anaousikiliza kabla ya kutoa pesa. Chungu chenye ufa kinajitangaza.

Simu haina mlio huo. Kwa hiyo lazima niandike kile ambacho sikio lingesikia. Nikiandika "chungu kizuri cha asili" sijasema kitu. Siku hizi ninaandika namna hii, na nawapa muitumie bure kwenye semina:

"Chungu cha kupikia cha Wakisi, kimefinyangwa Ikombe, wilaya ya Kyela. Mdomo unaingia mkono wa mtu mzima na mwiko. Kinatosha maharage ya watu sita. Kimechomwa kwa moto wa kuni, kwa hiyo kina doa jeusi ubavuni. Doa ni alama ya moto, si kasoro. Hakina ufa; nimekijaza maji, nikakiacha usiku kucha. Kabla ya kukitumia chemshia uji mwepesi, uache upoe humo humo, kisha osha bila sabuni. Anza na moto mdogo. Usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto. Kwenye jiko la gesi weka bati katikati."

Msomaji mmoja aliniandikia kwamba maelezo haya ni marefu kuliko tangazo la gari. Akanunua viwili. Wateja walionirudia hawakurudi kwa ajili ya picha; walirudi kwa sababu chungu hakikupasuka siku ya kwanza, na hakikupasuka kwa sababu waliambiwa cha kufanya. Zamani mama au shangazi ndiye aliyekuwa akisema hayo. Anayenunua Dodoma kwa simu hana shangazi wa Kikisi, basi ni wajibu wa muuzaji kuyasema.

Kisha ipo safari, ambayo katika semina zenu inaisha kwa neno moja: "unatuma." Chungu kinafungwa kwa majani makavu ya mgomba, kinaingia kwenye boksi, boksi linapanda gari kutoka Kyela, linapita Tukuyu, linafika Mbeya, linahamishiwa basi jingine. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Mzigo anaachiwa konda, mteja anatumiwa namba ya gari, na wote wawili tunaomba Mungu. Hakuna aliyetufundisha kufunga. Hakuna aliyekaa na wenye mabasi akawauliza mizigo inayovunjika inawekwa wapi. Saa nzima ya semina ilikwenda kwenye rangi za nembo.

Na ng'ambo nako. Niliwahi kuikuta picha ya kikapu changu, meza ni yangu na ukuta ni wangu, kwenye duka la mtandaoni la nchi nyingine, chini yake pameandikwa kwamba kimetengenezwa kwa nyasi za baharini. Tangu hapo ninaweka kipande cha karatasi chenye jina la kijiji ndani ya picha, mahali ambapo hakikatiki bila kukata kikapu. Mambo haya si mageni. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba jina la kikoi, kwa tahajia ya "kikoy", lisajiliwe kuwa alama yake ya biashara; Wakenya na marafiki wao wakapinga hadi ombi likaachwa. Mtandao wa Etsy, ulioanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya kazi za mikono, mwaka 2013 ulibadili kanuni zake ukaruhusu wauzaji kutumia watengenezaji wa nje. Tafsiri ya kazi ya mikono inaandikwa na wengine huko mbali, sisi tunaifuata. Ulinzi wa jina "kikapu cha Iringa" ungekuwa somo la siku nzima. Mnao wanasheria kwenye taasisi zenu, najua, kwa sababu mliwatambulisha wakati wa ufunguzi. Waliondoka kabla ya chai.

Kuna jambo jingine linalonikosesha raha. Kwa sheria halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Kikundi kikijaza fomu, mahali pa kueleza soko wengi sasa wanaandika "mtandaoni" na kuishia hapo, kwa sababu ndilo jibu tulilopewa. Mkopo unarudishwa kwa fedha, na tarehe ya marejesho haisubiri mtu apende picha. Mkitamka neno hilo mbele ya akina mama wenye madeni, litamkeni kwa uangalifu.

Naomba yafuatayo. Kwanza, msije tena Januari. Mvua ikinyesha milulu haikauki, shamba linatuita, na mnaowapata ukumbini ni wale wasiosuka. Njooni mwezi wa saba. Ni baridi, mje na makoti, lakini mahindi yatakuwa yamevunwa, mabonde yanafikika na uani kumeanikwa. Pili, siku ya kwanza isiwe ya projekta. Kaeni na msukaji tangu kitako hadi ukingo, na anayetaka kufundisha habari za vyungu aende Lyulilo Jumamosi, afike mapema, asikilize wanunuzi wanauliza nini. Maswali yao ndiyo maelezo ya picha. Mtu akiyaandika jinsi alivyoyasikia, nusu ya kazi imekwisha. Tatu, msukaji anayewafundisha siku hiyo alipwe kama mwezeshaji anavyolipwa, kwa kiwango kilekile, na asaini karatasi ileile.

Waleteeni washiriki futi na mizani ndogo badala ya fulana. Mwiteni mtu wa mabasi. Mwiteni mwanasheria, naye akae hadi jioni.

Nimeambatanisha maelezo ya vikapu na vyungu nilivyonavyo sasa, vipimo vyote vimo na bei zimeandikwa. Yasomeni kabla ya kujibu, na popote mtakapoona sijaeleza vya kutosha, niambieni.

Wenu katika kazi,
Msukaji wa milulu, Iringa